Mawe ya Bi Sunja kwenye Mlima Maisan

Siku niliyopanda Mlima Maisan, huko Korea, naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu nilikuwa na umri kama wako wewe unayesafiri leo, na mikono isiyotulia.

Wakati huo nilikuwa mkulima wa mwani pwani ya mashariki, kabla sijaolewa nikahamia hapa Bububu. Nilichaguliwa kwenda Korea mwezi mmoja kujifunza namna wenzetu wanavyoukausha, maana wao mwani wanaula, na sisi tulikuwa tunauuza tu bila kuijua ladha yake. Nikafikia kwa Bi Sunja, mjane wa makamo ya mama yangu, naye mkulima wa mwani. Mkalimani wetu alikuwa Hana, msichana wa chuo aliyesoma Kiswahili. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kila neno limepigwa pasi.

Siku ya mapumziko Bi Sunja akatuchukua kwa basi mpaka Maisan. Mlima una vilele viwili vilivyosimama kama masikio ya farasi, na ndiyo maana ya jina lake. Njia nzima mimi nauliza tu. Kwa nini viwili? Hana akanisimulia kwamba hapo kale vilele vile vilikuwa mume na mke, na walitaka kupaa mbinguni. Mume alitaka waondoke usiku wa manane, mke akasema amechoka, wangoje alfajiri. Alfajiri mwanamke mmoja akatoka kuteka maji, akaona milima inapanda juu, akapiga kelele. Hapo hapo ikakaa kitako, mpaka leo.

"Na lawama akabebeshwa nani?" nikauliza.

"Mke," akasema Hana.

"Nilijua."

Bi Sunja alipotafsiriwa maneno yangu alicheka mpaka akajishika mbavu.

Adhuhuri ilipoingia nilitandika mtandio wangu pembeni ya njia nikasali. Nilipotoa salamu nilimkuta Bi Sunja amesimama mbele kidogo, mikono kainyoosha, anawazungusha watu wasipite mbele yangu. Hakuna aliyemtuma. Alimuuliza Hana tu, huyu anahitaji nini anaposali?

Pale mlimani kuna hekalu chini ya jabali, limezungukwa na minara ya mawe, mingine mirefu kuliko nyumba. Wanasema mtu mmoja aliyejitenga na dunia aliipanga kwa miaka mingi, jiwe juu ya jiwe, bila udongo wala chokaa, na dhoruba haiiangushi. Mimi niliyezoea kuta za Mji Mkongwe, ambazo chokaa ikishatoka zinamwagika, sikuamini. Wenzangu wakaingia hekaluni, nikabaki nje. Kwenye mwanya wa jabali palikuwa na minara midogo waliyoipanga wageni, ya kimo cha mkono. Nikasukuma jiwe la katikati la mmoja kwa kidole, nione tu linashikwa na nini. Halikushikwa na kitu. Mnara wote ukaanguka.

Nikaokota haraka, nikapanga nilivyoweza, nikasogea mbali nikajifanya natazama vilele.

Bi Sunja alipotoka alikwenda moja kwa moja kwenye mwanya ule. Alitoa mfukoni jiwe dogo jeusi, laini, la ufukweni. Mkono ukasita. Akautazama ule mnara kwa muda, kisha akalirudisha jiwe mfukoni, akainamisha kichwa, akamwambia Hana neno, akaanza kushuka ngazi.

"Ana nini?" nikamuuliza Hana.

"Mumewe alipotea baharini. Kila mwaka huleta hapa jiwe moja kutoka pwani yao. Amesema leo mawe yamechanganyika. Huenda ni upepo."

Mwanangu, upepo haukuwepo. Nilishuka nyuma yake. Nikajiambia wiki ijayo naondoka, hatajua. Lakini kila nikiutazama mgongo wake nakumbuka ulivyonikinga nikisali. Katikati ya ngazi nikamshika mkono.

"Hana, mwambie ni mimi. Si upepo. Nililisukuma jiwe, nilitaka kujua."

Hana alinitazama kwanza, ndipo akatafsiri. Bi Sunja hakupandisha sauti. Aliigeuza mikono yangu, akavitazama vidole.

"Vumbi la vidole hivi nililiona kule juu," akasema. "Nilikuwa nakungoja. Mimi nilipotaka kujua habari ya sala yako, niliuliza. Wewe umeuliza tangu asubuhi. Ulipofika kwenye mawe yangu, mdomo ulikwenda wapi?"



Akageuka akapanda tena, nasi nyuma yake. Aliyatandaza mawe chini, akawa ananipa moja moja, akianza na jiwe bapa la mwaka wa kwanza. "Usiliachie mpaka uhisi limekaa," akaniambia. Mara mbili yaliniponyoka, naye akangoja. Basi letu likatuacha. Yalipokaa yote, akaliweka lile jeusi juu kwa mkono wake mwenyewe.

Kutaka kujua si kosa, mwanangu. Ningekuwa sina hamu hiyo nisingefika hata uwanja wa ndege. Ila kitu ambacho mwenzako anakiinamia, kiulize kwanza kwa mdomo, hata kama kwako ni mawe tu. Na ukishaharibu, usiusingizie upepo. Sema mapema, maana aliyeumizwa mara nyingi anajua tayari, na anachongoja ni kukujua wewe ni mtu wa namna gani.

Nenda salama. Mungu akufikishe kwa watu wenye subira nawe, na akujaalie wewe uwe na subira kwa wengine.