Kahawa Inalimwa Kwao

Nimekwenda Mombasa mara moja tu maishani, na sikwenda kuona bahari. Nilikwenda kumwuliza mdogo wetu wa mwisho kama atarudi nyumbani.

Nyumbani ni karibu na Kanyakine, kwenye mteremko wa mibuni na migomba. Baba alifariki nikiwa darasa la tano, na mama akamfuata mwaka uliofuata. Tulibaki watatu: mimi, mdogo wangu wa kike, na mvulana ambaye alikuwa hajaanza kutembea vizuri. Jamaa walikaa wakasema tugawanywe, kila mtoto aende kwa mtu wake. Nilisema hapana. Sikujua kama ninaruhusiwa kusema hapana mbele ya watu wazima, lakini nilikuwa nimeshasema, na hakuna aliyekuwa na hamu kubwa ya kubishana. Shule ikaishia hapo. Msimu wa kahawa nilichuma, na kahawa ilipokwisha nilishuka hadi mji wa Embu kufua nguo katika mtaa wa Majimbo, nikimwachia nyanya yetu watoto. Kiswahili changu nilikipata huko Majimbo, mikono ikiwa ndani ya karai.

Watoto walikua. Yule wa kike aliolewa Ishiara, kule chini kwenye joto, akaanza kuuza ndengu sokoni na watoto wake mwenyewe wakimzunguka. Mvulana alimaliza kidato cha nne, akafuatana na jirani yetu aliyekuwa akipeleka miraa pwani. Alisema, "Miaka miwili tu. Nikipata mtaji nitarudi tujenge." Miaka miwili ikapita, ikapita mingine. Alikuja Krismasi mara mbili, kisha akawa anapiga simu dukani kwenye kituo cha basi, nami naitwa shambani, nafika nikihema, tunasalimiana, laini inakatika.

Nyanya alikuwa ameshafariki. Nilikuwa peke yangu katika boma, na ng'ombe mmoja na redio. Mtu akikaa hivyo muda mrefu, huanza kumweleza ng'ombe mambo ya siku, na siku moja anagundua kuwa anangoja ajibiwe.

Kwa hiyo ndugu yangu aliposema kwenye simu, "Njoo utembee, nitakuonyesha Mombasa ambayo wageni hawaonyeshwi," nilikubali mara moja. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake sasa: kuwatembeza wageni katika vichochoro vya Mji wa Kale. Ngome na zile pembe za ndovu za barabarani hakuzihesabu. Alisema hizo hata kipofu atazipata. Ningeweza kumwuliza swali langu kwenye simu ileile, lakini lilikuwa swali zito kuliulizia dukani, mwenye duka akipima sukari na masikio yamesimama. Nilimwachia jirani ng'ombe, nikachukua kifurushi cha ndengu ambacho dada wa Ishiara alikuwa ametuma, nikapanda basi. Tulipopita Embu nilitazama upande wa Majimbo, ingawa kutoka barabarani hakuna kinachoonekana.

Alinipokea asubuhi. Alikuwa amenenepa kidogo, na Kiswahili chake kilikuwa kimebadilika. Kilikuwa kinateleza, kila neno likikaa mahali pake. Changu kilikuwa bado cha karai. Nilimwambia, "Kuja unisaidie na huu mzigo," akacheka.

"Njoo, dada. Huku watu husema njoo."

"Si umekuja lakini?"

"Nimekuja," akasema, akabeba mzigo.

Kesho yake alikuwa na kazi: walimu wanne kutoka Kisumu waliokuwa likizoni. Aliniomba nitembee nao, jioni tutakuwa wawili tu. Nikaona ni vizuri. Swali langu lilikuwa limengoja miaka, lingeweza kungoja hadi jioni.

Aliwaambia walimu, "Leo tunaye pia mgeni kutoka Meru." Walimu wakanisalimu kwa heshima, wakaniita mama. Nilidhani ataongeza kuwa mgeni huyo ni dada yake. Hakuongeza, na tayari alikuwa ameanza kutembea.

Alianzia nyuma ya Marikiti, lile soko la zamani, mahali ambapo magari ya bara hushusha mizigo. Nilisimama pale muda mrefu kuliko wengine wote. Nilikuwa nikitazama ndizi. Ndizi za kwetu nazijua hata zikiwa zimelazwa chini ya turubai, na zile zilikuwa zimetoka Imenti kwetu, nadhani siku ileile niliyotoka mimi. Pembeni walikaa wauza miraa, wamezifunika kwa majani ya mgomba. Mmoja wao, mzee mwenye koti, aliniona jinsi nilivyofunga kitambaa changu akaniamkia, "Muga!" Nikamjibu, "Muga!" na nilijisikia kama mtu aliyepewa kiti. Kisha yule mzee akamwonyesha ndugu yangu kwa kidevu, akanieleza kwa Kimeru:

"Huyu ni Mswahili wetu. Siku hizi Kimeru hukitoa akiumwa na nyuki tu."

Wenzake wakacheka. Walimu hawakuelewa. Ndugu yangu alimjibu kwa Kiswahili, "Salama, mzee wangu, biashara njema," akatuongoza mbele.

Akatupeleka hadi ukingoni mwa Mji wa Kale, ambapo ngazi za mawe hushuka ndani ya mwamba hadi kwenye maji ya bahari. Njiani mna kisima. Alitueleza kuwa maji yake si ya chumvi, na kwamba mabaharia wa zamani walikuwa wakichota hapo. Mwalimu mmoja, mnene, mwenye kofia ya jua, aliinama akachungulia.

"Chumvi hapa, maji matamu hapa. Kama mimi na mama mkwe. Tunapakana lakini hatuchanganyiki."

"Na chumvi ni nani?" mwenzake akamwuliza.

"Hilo sisemi. Ana watu kila mahali."

Nilicheka pia. Sitaki mtu adhani siku ile ilikuwa mbaya. Ndugu yangu alikuwa anaijua kazi yake. Alituonyesha nyumba ambayo ukuta wake umetobolewa kidirisha kidogo, wanawake wa ndani wakinunua mboga bila kutoka nje. Alituonyesha kichochoro chembamba ambacho watu wawili wakikutana, mmoja hurudi nyuma, na palepale wenyewe wana adabu yao ya kuamua nani arudi. Kila mlangoni alisalimiwa. Akina mama walimwuliza habari za homa yake, na mimi sikuwa na habari kuwa aliwahi kuwa na homa.

Saa nne hivi tulifika kwenye kona yenye baraza la mawe. Mzee alikuwa ameketi na dele, birika la kahawa la shaba, juu ya makaa, na vikombe vidogo visivyo na mkono vikioshwa kwenye ndoo. Tukaketi. Nilipewa kikombe, nikatazama ndani, kweusi tii.

"Sukari iko wapi?" nikauliza.

"Sukari imo kwenye kashata, bibi," yule mzee akasema. "Tafuna kwanza, ndipo unywe."

Nilitafuna, nikanywa. Hapo ndipo nilipofahamu kuwa sijawahi kunywa kahawa. Nimeipalilia, nimeipogoa, nimeinyunyizia dawa nikiwa nimejifunga leso puani. Nimeichuma tangu nikiwa na urefu wa mti wenyewe, na mvulana huyu nimembeba mgongoni nikiichuma, baadaye akawa anachuma matawi ya chini kwa sababu huko ndiko alikofika. Jioni tulikuwa tunaibeba wote watatu hadi kiwandani. Kisha tunarudi nyumbani na kunywa chai. Hakuna mtu kwetu anayekunywa kahawa. Ni chungu, na ina ladha kama ya kitu kilichoungua, lakini harufu niliijua. Ilikuwa imejificha ndani ya ile harufu ya mfereji wa kiwanda.

Mwalimu wa kofia ya jua alikuwa kwenye kikombe cha pili.

"Utalala kweli?" wakamwuliza.

"Mimi silali tangu nioe." Kisha akamgeukia ndugu yangu. "Na hii kahawa, ni ya Uarabuni?"

"Hapana, mwalimu. Kahawa ni ya milimani," ndugu yangu akasema. Akaninyooshea mkono, kwa adabu kabisa. "Huyu dada mnayemwona, kahawa inalimwa kwao."

Walimu wote wakanigeukia kwa furaha. "Kumbe tuko na mwenye mali! Mama, ni kama ile ya nyumbani?"

"Nyumbani hatunywi," nikasema. "Tunapeleka kiwandani."

Wakacheka sana, mzee wa kahawa naye akatikisa kichwa. Nilitazama kikombe changu. Angeweza kusema kwetu. Ni herufi chache tu zinazobadilika, mdomo haupati kazi zaidi. Alisema kwao, na hakujikwaa, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesema jambo la kawaida.

Tulipoinuka, mwalimu wa kike aliyekuwa kimya asubuhi yote alitembea kando yangu. Akaniuliza polepole, "Kijana huyu ni mzaliwa wa hapahapa, eti?"

"Anaijua Mombasa vizuri," nikasema.

Walimu waliondoka baada ya sala ya adhuhuri. Tulikula wali kwenye hoteli ndogo, kisha akasema kuna mahali pamoja pamebaki, ambapo hapeleki wageni wa kulipa. Tulikwenda hadi Mbaraki. Kuna mnara wa zamani wa mawe, mnene, mtupu ndani, karibu na msikiti mdogo. Chini yake watu wameacha chupa za marashi, na majivu ya ubani. Aliniambia watu huja kuomba: mtoto, mume, safari njema. Hapakuwa na mtu mwingine. Mimi ni mtu wa kanisa, nikasimama mbali kidogo.

"Na wewe umewahi kuomba hapa?"

"Mimi nimelelewa kanisani, dada. Wewe ndiye uliyenipeleka."

"Hilo silo nililouliza."

Akatabasamu tu. Nikabadili lugha. Nilimwambia kwa Kimeru kwamba kule kwenye kahawa alisema kwao.

Akanijibu kwa Kimeru, akitafuta maneno. Alisema ni kazi. Mgeni akijua kuwa anayemtembeza ni mtu wa Kanyakine, atauliza kwa nini anaonyeshwa mji na mtu ambaye si mji wake. Wenzake waliozaliwa pale walimsumbua mwaka mzima kwa jambo hilo. Kwa hiyo alijifunza kutosema. Nilimwelewa. Majimbo nami nilijifunza kutosema mambo mengi.

"Basi ni kazi tu," nikasema.

"Ni kazi."

"Kazi ina mwisho. Utarudi?"

Aliutazama ule mnara. Aliponijibu, alirudi kwenye Kiswahili, na alianza kwa mzaha, kama anavyowafanyia wageni.

"Dada, si wewe uliyekuwa ukituambia hadithi ya Mbwaa? Kwamba Wameru walitoka pwani, wakavuka maji, wakapanda hadi mlimani? Basi mimi nimerudi. Walioondoka ni ninyi."

Hadithi hiyo niliipata kwa nyanya. Niliwasimulia jioni za njaa, kwa sababu ni ndefu, na mtoto hulala kabla watu hawajafika ng'ambo.

"Waliondoka kwa sababu walikuwa wanateswa," nikamwambia.

"Mimi hakuna anayenitesa hapa."

"Najua. Nimeona."

Mzaha ukamtoka. Akasema, "Nyumbani nakuja kukuona. Kukaa, hapana. Nimejaribu kulisema kwenye ile simu ya duka, likawa halitoki." Kisha akasema ninaweza kuhamia mimi, atatafuta chumba cha pili. Alisema kwa moyo wake wote. Nilimwuliza kahawa atachuma nani. Aliinamisha kichwa, kwa sababu alijua kuwa mimi nami nimejibu.

Tulirudi kwa miguu. Njiani alinunua mahamri ya safari yangu, na tuliongea habari za dada wa Ishiara na watoto wake, na homa yake, ambayo ilikuwa malaria. Asubuhi alinisindikiza hadi kwenye basi. Akiwa amesimama mlangoni alimwambia kondakta, "Huyu ndiye aliyenilea. Mpe kiti kizuri."

"Mbona alikulea ukawa unaziba mlango?" kondakta akamwuliza. Ndugu yangu akashuka, akazunguka hadi dirishani kwangu, akasimama hapo mpaka basi likaondoka.

Wiki hiyo kahawa ilikuwa imeiva kwa wingi. Nilichuma siku nzima, kisha jioni nikaibeba kiwandani. Mstari ulikuwa mrefu, na wanawake walitaka habari za Mombasa. Niliwaeleza habari za kisima cha ngazini na kidirisha cha kununulia mboga. Niliwaambia pia kuwa kahawa yetu nimeionja. Wakauliza ikoje. Nikasema ni chungu, unatafuna kitu kitamu kwanza. Mmoja akasema basi hawa wanunuzi wana shida zao, wanawake wakacheka.

Jirani aliyekuwa nyuma yangu, yule aliyekuwa amenitunzia ng'ombe, akangoja kicheko kipite.

"Na kijana atarudi lini?"

Miaka yote watu walipomwulizia nilikuwa nikijibu kuwa yuko Mombasa, kama mtu asemavyo fulani yuko sokoni.

"Anakaa Mombasa," nikamwambia.

"Si alikwenda kutafuta mtaji tu?"

"Alikwenda kutafuta mtaji. Sasa anakaa huko."

Akanitazama, kisha akatazama gunia langu, ambalo lilikuwa zito kwa mtu mmoja. Mizani ilikuwa imebakiza watu wawili. Alishika pembe moja ya gunia, nami nikashika nyingine, tukalisogeza mbele.