Masizi ya Mwanne

Kuanzia Ng'ambo hadi Isevya, Tabora nzima, hakuna mwanamke aliyejua kusugua sufuria kama Mwanne binti Mabruki. Ukitaka kubishana, kabishane na mwingine. Harusini, matangani, popote palipopikwa pilau la watu wengi, Mwanne ndiye aliyeketi nyuma ya nyumba na mchanga, majivu na waya wa kusugulia, akapigana na masizi mpaka sufuria ikawa kioo cha kujitazamia meno. Kwake sufuria nyeusi ilikuwa aibu sawa na kutoka barabarani bila kanga. Hakuwa na kisomo wala duka. Alikuwa na mikono, na kwa mikono hiyo alialikwa.

Mvua za mwaka huu zikaiangusha nyumba yake ya udongo. Mwanawe wa pekee, Twalibu, mfanyakazi wa reli kule Kaliua, akaja kumchukua.

"Utakaa kwetu, mama. Moja kwa moja."

Mwanne akaitikia, lakini ndani ya treni moyo ulimdunda kwa jambo moja tu: atakaa kule kama nani? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alilitaka hilo jembe mapema, kabla mtu hajaanza kuhesabu vijiko vya sukari anavyotia kwenye chai.

Basi asubuhi moja Hafsa, mke wa Twalibu, alipokwenda gulioni, Mwanne akaingia jikoni. Akakiona kikaango. Nje chekundu, kizuri kama bibi harusi. Ndani cheusi kama chungu cha mganga.

"Masikini mwanangu," akanong'ona. "Kumbe analishwa masizi."

Akakaa uani, akamwaga mchanga, akatia majivu, akashika waya. Masizi yale yalikuwa na kiburi! Hayakutoka kama masizi ya kuni; yalibanduka vipande vipande, kama ngozi ya mtu aliyeungua. Mwanne jasho likamtoka, akazidi kusugua. Adhuhuri kikaango kikawa cheupe pe. Akakitundika msumarini, uso wake ukielekea mlango, ili atakayeingia akione kwanza.

Hafsa akaingia na kapu lake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu tazama huko ukutani."

Hafsa akatazama. Akaweka kapu chini, akakishusha kikaango, akapitisha vidole ndani yake polepole.

"Mama, ule weusi haukuwa masizi," akasema. "Ndio kikaango chenyewe. Ni cha nonstiki."

"Cha nini?"

"Chakula hakigandi. Alininunulia mama yangu nilipoolewa." Mama yake alikuwa amezikwa mwaka jana, na Mwanne mwenyewe ndiye aliyesugua masufuria ya tanga lile. "Haidhuru, mama. Hukujua."

Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha! Mtu akikufokea, kesho mtacheka. Jioni Hafsa akakaanga mayai, yakashika chini kama gundi, akayakwangua, akayaleta mezani yamechanikachanika.

"Mke wangu," Twalibu akatania, "yai hili limepigana na nani?"

Hakuna aliyecheka. Akaambiwa kisa cha kikaango, akainama kwenye sahani, akala.

Kesho yake Mwanne akakificha kikaango ndani ya kanga, akaenda kwa Masolwa, fundi wa sufuria na mabomba karibu na stesheni, mtu mwenye mdomo mrefu kuliko treni ya Mpanda.

"Unaweza kunipakia weusi humu, baba?"

Masolwa akakigeuza, akapiga mluzi. "Bibi, huyu hukumwogesha. Umemchuna ngozi!"

"Nimekuuliza kama unaweza."

"Siwezi, na hapa Kaliua hakuna anayeweza. Ule weusi ni jamii ya plastiki, lakini plastiki yenye maringo. Haipatani na mtu: maji yanaikimbia, mafuta yanaikimbia, hata mjusi akiipanda anateleza."

"Sasa kama haishikani na kitu, kwenye bati ilishikaje?"

Masolwa akamtazama vizuri. Na wewe msomi unayesoma hapa, kubali: swali hilo hukuwa nalo.

"Kiwandani wanalikwaruza bati kwanza, lipate vishimo, halafu wanapuliza tabaka juu ya tabaka, wanaoka kwa moto mkali. Inang'ang'ania mle kwenye vishimo. Na moto ukizidi mno baadaye, inatoa moshi unaoua hata kuku bandani. Ona tepu hii nyeupe ninayozungushia maungio ya bomba? Ndugu yake huyo. Lakini tepu haikaangi yai. Nikikupakia rangi ya mlango, bibi, mtakula mlango."

Mwanne akakifunga tena kikaango na kanga, akarudi.

Toka siku hiyo nyumba ikawa na adabu nyingi mno. Mwanne akishika sahani, Hafsa aliipokea kwa mikono miwili. "Pumzika, mama." Akishika ufagio, "Pumzika, mama." Sufuria za kawaida, zile zilizostahili mchanga na waya kwa haki kabisa, Hafsa aliziwahi mapema, zikaoshwa kabla Mwanne hajamaliza kuswali alfajiri. Alitengewa kiti kizuri barazani, chenye mto. Akakaa humo, mikono mapajani, akiitazama kama mali ya mtu mwingine aliyesahau kuja kuichukua.

"Nipe hata mchele nichague," alimwambia Hafsa siku moja.

"Umeshachaguliwa, mama. Huu wa dukani ni safi."

Jioni ile, Twalibu akivua viatu vya kazi, Mwanne akamwita.

"Mwanangu, nikatie tiketi ya Tabora."

"Tabora wapi, mama? Nyumba si imeanguka?"

"Kwa dada yangu Isevya kuna chumba."

"Kuna aliyekuudhi hapa?"

"Hakuna. Mkeo ananitunza vizuri sana."

Jikoni, Hafsa alikuwa akiosha vyombo kwa sponji laini. Mlango ulikuwa wazi, kila neno lilimfikia. Sponji likasimama juu ya sahani. Mwanne akangoja, shingo ameielekeza kule.

Kisha sponji likaendelea.