Hariri Iliyobaki Mezani

Ukitaka kumwudhi baba yangu mdogo, mwambie mafundi cherehani wote ni wezi wa vitambaa. Ataondoa mguu kwenye pedali, avue miwani, akuhubirie mpaka usahau kwamba ulikuja kupunguza suruali. Kanisani ndiye anayewafundisha watoto habari za Yusufu, jinsi alivyomkimbia mke wa Potifa, vazi likabaki mkononi mwa yule mama. Anaisimulia kwa madoido, utadhani vazi lenyewe alilishona yeye.

Basi siku moja mwalimu wa shule ya jirani akaleta hariri ya kijani, anataka gauni. Baba mdogo akaitandaza mezani, akapima huku, akapima kule, akaona kwamba akikata kwa akili kitabaki kitambaa cha kutosha blauzi. Na mama mdogo, anayemsaidia kutia vifungo miaka nenda miaka rudi, huimba kwaya na blauzi iliyopauka. Mke wa fundi! Jambo hilo lilimuuma, nami simlaumu. Shetani si mjinga. Angemjia na tamaa ya pombe angefukuzwa mlangoni, kwa hiyo akapitia kwa mke.

Gauni likaisha. Akaikata na blauzi, wala hakushika tepu, maana vipimo vya mkewe viko kichwani. Ila kuiunganisha kukamshinda. Mara uzi umekatika, mara sindano imevunjika. Akalaumu cherehani, akalitia mafuta, na kumbe cherehani lenyewe halina kosa. Mama mdogo alikuwa upande wa pili wa meza, akitia vifungo vyake.

Mwalimu alipofuata gauni, baba mdogo akamkabidhi na vile vipande.

"Hivi vilibaki, mwalimu. Ni vyako."

Najua alivyo. Alitega sikio aambiwe abaki navyo. Mwalimu akashukuru sana, akasema vitamfaa dada yake, akavitia mkobani na kwenda zake.

Baba mdogo akabaki anautazama mlango. Mama mdogo akakata uzi kwa meno.

"Shingo ya ile blauzi ilikuwa yangu," akasema.

Baba mdogo akamwomba radhi, ingawa sidhani alijua ni kwa kukata au kwa kurudisha. Mama mdogo akacheka mpaka vifungo vikamwagika.

"Usijali, baba watoto. Hata Yusufu aliondoka bila vazi."