Kimo cha Kiti

Fundi wa baiskeli wa Semonkong huanza kusema kabla mteja hajafika mlangoni. “Mlima umekushinda, au punda amekukimbiza?” huwatania vijana wa mashindano, huku akigonga fremu zao kwa pete yake ya ndoa na kutega sikio. Kucha zake zimeshiba grisi, sabuni haiziwezi tena. Lakini Nthati alipoingia na kitambaa cheusi cha msiba kifuani, akiisukuma baiskeli aliyopewa siku ukoo ulipogawana vitu vya marehemu kaka yake Tseliso, fundi alivua kofia. Hakutania. Aligonga fremu, ikaitikia kwa sauti butu.

“Imepasuka, dada. Hii haichomeleki.”

“Nikikopa kwenye chama cha kuzikana, utaniagizia fremu mpya? Sitaki baiskeli yake nayo ife.”

Fundi alikishika kile kiti, kilichoinuliwa kwa miguu mirefu ya Tseliso, kisha akamtazama Nthati, ambaye kilimfika karibu na kifua.

“Utaipanda wewe?”

Nthati aliinamia kanyagio, akalizungusha kwa kidole.

“Kama utaipanda, kopa, Mungu atakufungulia njia ya kulipa. Nikishushe?”

Nthati aliweka kiganja juu ya kiti, palipochakaa.

“Kiache, ntate,” alisema, akimwita baba kwa heshima. “Sikopi.”

Fundi hakubisha. Alikifuta kiti kwa mkono wa shati, akaisukuma baiskeli mwenyewe hadi kwa kina Nthati, kofia kwapani, polepole, kama mtu anayefuata jeneza.