Ufunguo wa Kizimba cha Panya

Acha nijicheke mwenyewe, maana watu wote wa Manga wameshanicheka. Mimi, mwalimu wa baiolojia, nilipandisha panya wa maabara, dume jeusi na jike jeupe, nikaapa mbele ya darasa kwamba watoto watakuwa weusi tititi. Wakazaliwa wa kahawia, kama panya wa ghalani! Nikamfokea Nyaboke, mtunza maabara: "Umeacha kizimba wazi, panya wa ghalani ameingia!"

Nikawapandisha mara ya pili, nikafunga kizimba kwa kufuli, ufunguo nikauvaa shingoni. Siku ya wazazi nikafunua kizimba kwa mbwembwe. Kahawia tena! Kumbe weupe wa mama ulificha rangi ya kahawia ya mababu zake, naye akawarithisha watoto.

Mwalimu mkuu akauliza, "Sasa mwalimu, huyo panya wa ghalani alifunguliwa na nani?"

Wazazi wote wakanitazama shingoni.