Dengu za Timarete

Mke wangu Timarete alitutoka wakati wa kuchuma zeituni. Mtaani kwetu wanamkumbuka kwa dengu.

Aliziuza zimekaangwa, kwenye michezo ya kuigiza ya sikukuu ya Dioniso, mungu wa mvinyo. Sinia mkononi, kibaba cha mti kiunoni. Watu walikula, na mchezo ukiwachosha waliwarushia waigizaji. Basi yeye aliomba michezo mibaya.

“Mzuri, watu husahau njaa,” alisema. “Mbaya, wananunua mara mbili. Za kula na za kutupa.”

Mwaka mmoja nikachaguliwa mimi, mtengeneza ngozi, niingie kwaya ya mchezo wa kuchekesha. Tulikuwa punda. Masikio ya ngozi, mikia ya katani. Kuimba niliweza. Kucheza, hapana.

“We Smikitho!” mwalimu wa kwaya akafoka. “Miguu hiyo yako au umeazima?”

“Yangu, mwalimu.”

“Bora ungeazima.”

Akanitia safu ya katikati, wanakofichwa wasiojua. Nikikosea tena, akasema, masikio yangu atavaa mwingine. Nami nilitaka Timarete anione hata mara moja nimesimama mbele ya mji, nisinuke ngozi mbichi.

Nilimkuta uani anatwanga shayiri. Nikamweleza.

“Punda wa katikati hafikiwi na fimbo,” akacheka. “Haya, simama. Mchi ukishuka, mguu wa kulia.”

Ikawa hivyo kila jioni. Yeye anatwanga, mimi naruka. Shayiri ikalainika kama vumbi. Majirani wakauliza kama tuna harusi.

Siku ikafika. Waigizaji wakaondoka, uwanja ukabaki wetu. Hiyo ndiyo kazi ya kwaya: kusogea mbele na kuuambia mji usoni yale ambayo mtu peke yake hathubutu.

“Enyi Waathene! Sisi twabeba kuni zenu, mawe yenu, na mama wakwe zenu! Ninyi mmebeba nini, zaidi ya maneno?”

Wakacheka mpaka wakubwa wa viti vya mbele.

Mara ulimi wa zumari iliyotuongoza ukapasuka, muziki ukakatika. Punda wa mbele wakagongana. Miluzi ikaanza.

“Mama dengu! Lete kibaba kizima, upesi!”

“Na mimi! Nimlenge yule mnene!”

Nilimwona Timarete kupitia matundu ya kinyago changu cha punda. Sinia imejaa, mikono ya wateja imemzunguka. Akakigeuza kibaba, akapiga ukingo wa sinia. Ko. Ko. Ko-ko.

Ulikuwa mchi wa nyumbani. Mguu wangu wa kulia ukaenda wenyewe. Nikaimba. Punda wa kushoto akanifuata, wa kulia akanifuata, safu zikashika. Waliotaka kutupa wakaanza kupiga makofi.

“Mama, dengu zangu!”

“Ngoja kwanza! Mume wangu anacheza!”

“Yupi?”

“Yule punda wa katikati!”

Kwenye mashindano ya kwaya tulikuwa wa pili. Mwalimu hakunisifu, ila masikio aliniachia.

Timarete akashuka na sinia vile vile, imejaa.

“Ningeziuza zote leo,” akasema. “Umeniharibia biashara, we punda.”

Macho yake yalikuwa yanacheka. Tukashika njia ya nyumbani, bado nina mkia. Akachota dengu, akanirushia. Nami nikamrushia. Tulirushiana mpaka mlangoni, watu wazima sisi, na kuku wa mtaa mzima wakitufuata nyuma.