Maji Ndani ya Breki

Nyonyo zikikaangwa hutoa harufu nzito inayoshika nywele na nguo. Ukizitwanga na kuzichemsha, mafuta huelea juu ya maji kama jicho la ng'ombe, na harufu huwa nzito zaidi. Nyumbani kwetu milimani juu ya Same mafuta hayo yalikuwa ya kupaka ngozi, kulainisha nywele na kunyweshwa mtoto aliyevimbiwa, na mimi niliyanyweshwa sana, lakini hayo tuyaache. Mwaka ule ninaousimulia, enzi za Mwingereza, mafuta ya nyonyo yalichemshwa kwa ajili ya gari. Mimi nilikuwa binti mdogo, shule niliisoma mpaka darasa la pili tu, kwa hiyo nikichanganya mambo mnisamehe. Harufu ile sijaichanganya na kitu.

Gari lenyewe lilikuwa jipu kuukuu ya jeshi, iliyobaki baada ya vita vya Hitla. Ilitupwa kwenye nyasi za shamba la mkonge huko tambarare, ambako baba alikuwa akifanya kazi ya kipande. Wakati wa vita hivyo baba alikuwa dereva wa jeshi kule Bama, bara la Asia. Aliporudi hakukuta gari la kuendesha, akakata mkonge, na utomvu ukamtafuna mikono hadi usiku alikuwa anailaza nje ya blanketi isiguse kitu. Meneja alimwachia ile jipu badala ya sehemu ya malipo yake, nadhani kwa kumcheka. Baba na mdogo wake, baba mdogo Elitumaini, waliivuta kwa ng'ombe mpaka nyumbani, wakaishughulikia tangu masika hadi mahindi yakavunwa. Rejeta iliyovuja waliitia unga wa mahindi, ikaziba. Bodi iliyooza waliikata wakaweka mabati na mbao za mninga. Springi iliyovunjika ilikwenda kwa wahunzi wa Ugweno, na safari hiyo peke yake ina hadithi yake, maana baba mdogo alirudi na springi na mchumba. Gia ya kwanza ilikuwa na tabia ya kuchomoka yenyewe gari likishuka, na dawa yake hawakuipata. Ilibidi mtu akae pembeni ya dereva aishikilie.

Kilichobaki ni breki. Mafuta ya breki hayakuwako, lakini baba alikuwa ameona kule Bama mafundi wa jeshi wakichanganya mafuta ya nyonyo na pombe kali, ili yawe mepesi na yasigande kwenye baridi. Nyonyo tulikuwa nazo. Pombe kali maana yake ilikuwa gongo, na gongo serikali iliipiga marufuku, na kanisa letu lilikuwa limeikataza kabla ya serikali. Sasa bibi yangu, mama yake baba, Bibi Namkunda, alikuwa mtu wa benchi la kwanza kanisani. Hata chai ya rangi aliitilia shaka. Baba mdogo alileta chupa ya gongo akaificha darini, katikati ya kuni. Walipochanganya, mafuta yakageuka meupe kama maziwa. Baba akasema gongo ya siku hizi haina maana, akatia hivyo hivyo, akatoa upepo kwenye mipira ya breki, wakazungusha gari uwanja wa kanisa mara kadhaa. Pedali ilisimama imara. Wakafurahi. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na uwanja wa kanisa haukuwa na mteremko wowote.

Asubuhi iliyofuata tulishuka Same kwa askari mkaguzi. Akilipitisha gari, baba angepata kibali cha kubeba kahawa na watu. Akilikataa, baba angerudi kwenye kipande cha mkonge, na jambo hilo lilijulikana hata kwa mbuzi wa nyumbani. Bibi alisema anakwenda pia, anataka kumwona kwa macho yake huyo mtu atakayemwamulia mwanawe. Alikataa kukaa nyuma kama mzigo wa ndizi, akakaa mbele. Mimi nilikuwa mkia wake, nikapanda nyuma pamoja na baba mdogo, aliyepakata gogo la kuzuia tairi.

Ukungu wa mlima Shengena ulikuwa bado haujainuka. Kona za mwanzo zilipita salama, baba akikanyaga na kuachia, akikanyaga na kuachia. Kisha nikasikia harufu ya kitu kinachoungua, na nikaona goti la baba likishuka chini kuliko kawaida. Akakanyaga tena, na tena. Mguu ulikuwa unaingia kama kwenye matope. Baba mdogo aliruka na gogo lake, lakini gari lilikuwa limeshachukua mbio, nikamwona anakuwa mdogo huko nyuma, anakimbia huku amelikumbatia kama mtoto. Baba aling'ang'ana mpaka gia ya kwanza ikaingia, injini ikanguruma, mwendo ukapungua kidogo.

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, "shika hicho chuma chenye kirungu."

"Hiki?"

"Hicho. Kikitaka kurudi, kikatalie."

Bibi alikishika kwa mikono miwili, akaweka na goti. Kushoto kwetu hapakuwa na kitu, bonde tu, na moshi wa majiko ya watu huko chini. Baba alikuwa akiegemeza gari kwenye ukingo wa juu, mabati yakikwaruza mawe na kuchanika. Mimi nilishika nguo ya bibi mgongoni. Hapo ndipo nilipomsikia akisema, bila kugeuza shingo:

"Mwanangu, ile chupa ya darini."

"Chupa gani sasa hivi, mama?"

"Nilitia maji."

Baba alizungusha usukani, kona ikapita.

"Mengi?"

"Nusu. Sikutaka kukuvunjia kazi yako yote."

"Shika gia, mama," akasema baba. Nimeishi na maneno hayo ya bibi miaka mingi. Alikuwa ameikuta chupa akitafuta kuni, akaona kuimwaga yote ni kumdhulumu mwanawe na kuiacha yote ni kumdhulumu Mungu, akachagua heri nusu shari kuliko shari kamili. Hakujua kwamba breki ikipata moto maji yanachemka ndani yake, na mvuke hausimamishi gari.

Tulisimama pale mlima unapokwisha, kwenye mchanga, gari likiwa limeegemea ua wa mkonge kwa ubavu. Baba mdogo alifika baadaye, jasho linamtiririka, gogo bado begani. "Kaka," akasema, "ungeniambia tunashindana, ningeacha huu mti."  Baba alikanyaga pedali, na kwa mshangao wetu, ilikuwa imerudi, ngumu kama jana. Breki zilikuwa zimepoa. Baba mdogo akasema twende kwa askari sasa hivi, Same ni tambarare, itashika.  Bibi ndiye aliyeteremka, akafunga kanga kiunoni, akauliza, "Na siku ukipakia wake za watu?"

Alinishika mkono tukaingia Same. Nyuma ya soko kulikuwa na mama mmoja aliyepika gongo, mtu wa mjini mwenye maneno mengi. Alipotuona alisema, "Mama wa kanisa, leo umepotea njia?"

"Sijapotea. Nipe isiyo na maji."

"Haya! Kumbe unaijua."

Bibi akalipa. Aliitia kwenye kibuyu cha maziwa, akakificha chini ya kanga, tukapita mbele ya kituo cha polisi yeye akiwa anasalimia watu kama kawaida. Baba alikuwa na chupa ya akiba ya mafuta ya nyonyo. Walimwaga yale meupe, wakachanganya upya, safari hii yakawa angavu, wakatoa upepo palepale juani. Mikono ikateleza, mengine yakamwagika.

Ndiyo maana kule kituoni askari mkaguzi aliposogeza kichwa ndani ya gari alirudi nyuma haraka. "Nani kanywa hapa?" Baba akisema ukweli, amekiri gongo na breki ya kuchemsha jikoni. Baba mdogo akisema ni yeye, gari lenye utingo mlevi halipewi kibali. 

"Ni mimi, mwanangu," bibi alisema.

"Wewe, bibi? Asubuhi hii?"

"Mlimani kuna baridi."

Askari alicheka mpaka akashika kofia. Alimtembeza baba kwenye mstari, akamnusa mdomo, kisha akamwambia aendeshe na asimame. Jipu ilisimama pale pale alipoagiza. Kibali kikaandikwa. Lakini kulikuwa na kina mama wa kijijini kwetu wanapita na mikungu ya ndizi, na wao pia walikuwa na masikio.

Habari ilifika nyumbani kabla yetu. Bibi alitengwa, akakalishwa benchi la mwisho, karibu na mlango, hakushiriki meza ya Bwana msimu mzima. Baba alitaka kwenda kumweleza mchungaji. Bibi akamkataza. "Ukimwambia yeye, kesho askari anajua." Siku alipoitwa mbele kutubu, alisema anatubu maji. Wazee walitazamana, wakaona uzee umeanza, wakampokea.

Leo barabara ile imepanuliwa, mafuta ya breki yanauzwa madukani Same kwa chupa ndogo, na mjukuu wangu gari lake likilegea kidogo analipeleka kwa fundi, yeye anakaa kivulini na simu. Simlaumu, ni vizuri watu wasife. Baba hakurudi kwenye mkonge. Mikono yake ilipona, ikawa mikono ya mtu. Mimi sasa ni mkubwa kuliko bibi alivyokuwa siku ile, na kanisani nakaa benchi la kwanza, kila mtu anajua ni pangu. Nina watoto, nawapenda. Hata hivyo, nikikaa pale ibada haijaanza, najiuliza kama ningeinuka niende kule mlangoni kwa ajili ya yeyote kati yao, na mpaka leo sijapata jibu la kunipendeza.